Bamba lililoharibikia barabarani: kisa cha boti ya tanga kati ya Dodoma na Mtera

Boti inayozungumzwa hapa ni ya faiba, urefu wake mita 5.8, ina tanga kuu na tanga dogo la mbele. Haikai majini. Muda mwingi iko juu ya tela, uani, Dodoma mjini, na siku ya kutumika huvutwa na pikapu hadi Bwawa la Mtera, kama kilomita 130 kwa barabara ya Iringa. Baada ya kiangazi kirefu ilirudishwa majini, na matatizo matatu yakajitokeza siku hiyo hiyo.

La kwanza, bamba la mkuku (mkuku ni uti wa chini wa boti) liligoma. Hili ni bamba la chuma linalokaa ndani ya kasha jembamba katikati ya boti. Boti ikishaelea hushushwa chini ili upepo wa ubavuni usiisukume pembeni. Lilishuka kama sentimita kumi, likasimama. Bila bamba boti ya namna hii haiwezi kubisha, yaani kupanda kwa mshazari kuelekea upepo unakotoka. Ukiielekeza joshi, upande upepo unakotoka, inakwenda mbele kidogo, inateleza sana demani, upande upepo unakoelekea, na mwisho wake ni kukutwa ukingoni. La pili, baada ya saa moja kulikuwa na maji chini ya sakafu, lita tano au sita. La tatu lilionekana boti ilipopandishwa: tumbo lake upande wa kushoto lilikuwa limebonyea kidogo na ganda la nje limepasuka vijistari vinavyotawanyika kutoka sehemu moja, pale pale linapokaa juu ya ubao wa tela.

Kila tatizo likapewa fundi wake. Aliyeitwa kwa uvujaji alikaza boliti ya bamba. Aliyeitwa kwa nyufa alipaka resini. Bamba lenyewe lilimwagiwa maji na dizeli, likagongwa kwa juu. Safari iliyofuata yote matatu yalirudi, na bamba safari hii halikushuka hata zile sentimita kumi.

Yote matatu yalikuwa na chanzo kimoja, na chanzo hicho hakikuwa majini. Kilikuwa kwenye tela.

Vipimo vya bamba

Bamba lina urefu wa mita 1.2, upana wa sentimita 40 na unene wa milimita 10. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu kilo 7,850, kwa hiyo bamba hili ni kama kilo 38: mzigo wa watu wawili. Nafasi ya ndani ya kasha ni milimita 16, yaani kila upande bamba lina milimita 3 tu za kupumua, tena likiwa safi. Linashikwa na pini moja ya stenlesi ya milimita 16 karibu na ncha yake ya mbele. Nyuma linavutwa na waya wa milimita 5 unaopita kwenye kapi hadi kwenye winchi ya mkono. Likipandishwa lote, ukingo wake wa chini unabaki umechungulia nje ya mkuku kwa milimita 25 hivi.

Hizo milimita 25 ndizo zilizoleta balaa.

Kilichoonekana chini ya boti

Tochi na dakika kumi za kulala chali chini ya tela zilitosha kutoa nusu ya jibu. Kwenye ukingo wa chini wa bamba palikuwa na sehemu ya urefu wa kiganja inayong'aa, kutu yote imesuguliwa, na pembeni yake pamepakaa weusi wa raba. Chini yake hasa ipo rola ya katikati ya tela. Raba ya rola hiyo ilikuwa imechimbwa mfereji. Ulipopimwa, upana wake ulikuwa milimita 10, sawasawa na unene wa bamba. Mkuku wenyewe, kushoto na kulia kwa bamba, haukuwa na mkwaruzo. Maana yake boti haikuwa imelala kwa mkuku wake hapo. Ilikuwa imelala kwa bamba.

Nusu nyingine ya jibu ilipatikana bamba lilipotolewa. Tundu la pini, ambalo lilipaswa kuwa duara la milimita 16, lilikuwa limerefuka hadi milimita 21. Tundu likilika, angalia kwanza limelika upande gani. Bamba lililoshushwa linaning'inia, na pini inakula upande wa tundu ulio karibu na ncha ya mbele. Bamba lililopandishwa na kushikwa na waya tu linauweka uzito wake juu ya pini, na tundu linalika kwa juu. Hapa lilikuwa limelika kwa chini. Ili lilike hivyo, kuna kitu kilikuwa kinalisukuma bamba kwenda juu, tena na tena, likiwa limepandishwa.

Watu wengi wanaoijua Mtera watataja visiki kwanza, na wana haki. Bwawa lile lilifunika pori, na miti mikavu bado imesimama majini, mingine imebaki vichwa chini kidogo ya uso wa maji. Kisiki kikilipiga bamba lililoshushwa kinaweza kweli kulisukuma tundu upande huohuo. Ila kisiki huacha alama yake: jino kwenye ukingo wa mbele karibu na ncha, au bamba kupinda. Ukingo wa mbele wa bamba hili ulikuwa mzima, na ndani ya tundu chuma kilikuwa laini kama kimepigwa msasa. Huko ni kulika kwa mapigo madogo madogo mengi, na mapigo ya aina hiyo yanapatikana barabarani. Kati ya Ntyuka na Mtera kila kijiji kina matuta yake. Tela halina shokamzoba, lina springi tu, na kila tuta linairusha boti juu kisha kuirudisha. Ikirudi, inatua kwa bamba juu ya rola, bamba linapiga pini, pini inapiga matundu ya kasha. Matundu hayo nayo yalikuwa yamerefuka kwenda juu kwa milimita 3. Huko ndiko maji yalikopitia.

Kwa nini uzito ulihamia kwenye bamba

Tela hili lilitengenezwa kwa boti ya injini yenye tumbo bapa, kisha likabadilishwa matumizi bila kubadilishwa vihimili. Rola ya katikati iliachwa ilipokuwa, na ikawa imeangukia kwenye mlango wa kasha. Mwanzoni vihimili vya pembeni viliinua boti kiasi cha kuacha mwanya mdogo kati ya rola na bamba. Mwanya huo ulipotea polepole.

Vihimili ni mbao mbili za msonobari za milimita 50 kwa 100, na zililazwa bapa. Ubao wa kipimo hicho ukisimamishwa kwa upande wake mwembamba unapinga kupinda mara nne zaidi ya ukilazwa. Umbali kati ya vishikio ulikuwa mita 1.4, mkubwa kwa ubao uliolazwa. Jua la Dodoma liliukausha na kuupasua, na kapeti lililoufunika lilificha nyufa. Uzi ulipovutwa kutoka ncha hadi ncha, ubao wa kushoto ulionekana umebonyea milimita 18 katikati, wa kulia milimita 6. Katikati ulipobonyea, boti upande ule ikabaki imekaa juu ya kichwa cha kishikio cha mbele, eneo dogo kama sahani ya chai, mahali ambapo ndani ya boti hakuna kiwambaza (ukuta wa ndani unaoikata boti kwa upana) wala ubavu wa kuimarisha. Vile vijistari vya ganda vilianzia hapo.

Na kwa nini kushoto zaidi? Jibu liko ukingoni mwa bwawa. Mtera huendeshwa kati ya kimo cha mita 698.5 juu ya usawa wa bahari likijaa na mita 690 kwa chini. Kwenye ardhi iliyo bapa, kushuka kwa mita hata mbili kunausogeza ukingo mbali sana. Hakuna sehemu moja ya zege ya kupandishia boti inayofaa mwaka mzima, kwa hiyo tela hurudishwa nyuma kwenye tope, gurudumu moja huzama kuliko jingine, na upepo wa mchana huisukuma boti wakati inavutwa na winchi. Boti inapanda ikiwa imekaa upande, inafungwa hivyo hivyo, inasafirishwa hivyo hivyo.

Jinsi kukaza kulivyolifunga bamba

Pini ya awali ilikuwa imebadilishwa kwa boliti yenye nati kila upande. Uvujaji ulipoanza, nati zikakazwa. Kuta za kasha ni faiba, zinakubali kubanwa. Kasha lilipopimwa likiwa tupu lilikuwa na milimita 16 juu na chini, lakini kwenye boliti lilikuwa 12.5. Bamba la milimita 10 lilibakiwa na milimita 2.5 kwa pande zote mbili, na kutu hula nafasi hiyo upesi, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichooza. Ongeza tope la mfinyanzi lililoingia wakati boti inaburutwa ukingoni, likakaukia humo miezi yote ya kiangazi. Tiba ya uvujaji ndiyo iliyolifunga bamba, na haikuziba uvujaji, kwa sababu matundu yalikuwa yamerefuka, na tundu refu halizibwi kwa kukaza.

Kulitoa bamba

Kazi hii ifanyike uani. Mtera kuna mamba na viboko. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya boti majini kulivuta bamba kwa mkono, hata iwe ukingoni, hata iwe dakika mbili. Na kama bamba limekwama boti ikiwa inaelea, usiendelee kulegeza winchi. Waya uliolegea maana yake kilo 38 zimesimama bila mshiko. Zikiachia ghafla, zinaanguka hadi waya unyooke, na kinachokatika ni waya, kapi au sehemu ya mbele ya kasha. Rudisha waya ukaze, pandisha boti, nenda nyumbani.

Uani, boti iliinuliwa kwa jeki mbili za chupa na vipande vya mbao vya milimita 150 kwa 150, tezi (nyuma) kwanza, kisha omo (mbele), sentimita tano tano, kila hatua ikiwekewa mbao kabla ya kuendelea. Mbao za kubebea ziliwekwa chini ya viwambaza tu. Tela likavutwa nje. Mkuku ulihitaji kuwa sentimita 60 kutoka chini: bamba hutolewa likiwa limelala, kwa hiyo kinachohitaji nafasi ni upana wake wa sentimita 40 pamoja na jeki na ubao wa kulipokelea.

Ubao uliwekwa chini ya bamba na kuinuliwa kwa jeki hadi boliti ikazunguka kwa vidole. Hapo ndipo uzito umetoka kwenye boliti. Ukiitoa kabla ya hapo, bamba linashuka na chochote kilicho chini yake, na mkono usiwe humo. Boliti ikitoka na kuta zikiachia, bamba bado lilihitaji kusaidiwa: kipande cha chuma bapa cha milimita 3 kilipitishwa pande zote mbili kukwangua kutu na tope, huku dizeli iliyochanganywa na oili ikimwagwa kwa juu na kuachwa usiku mzima. Nyundo haikutumika. Kugonga kwa juu kunakunja sehemu ya kufungia waya na kupasua kiungo cha kasha na sakafu.

Matengenezo ya bamba na kasha

Kutu iliondolewa kwa grenda hadi chuma cheupe, na unene ukapimwa kwa vernia sehemu kumi. Kuzunguka tundu ulikuwa umebaki milimita 8.6, kwingine zaidi ya 9. Ungeshuka chini ya 7 karibu na tundu, sehemu hiyo ingekatwa na kuwekwa kiraka. Tundu la zamani lilipanuliwa, ikachomelewa pete ya chuma iliyokerezwa, yenye kipenyo cha nje cha milimita 40, na ndani ya pete ikaingizwa bushi ya nailoni. Nailoni hunyonya maji na kuvimba, hivyo tundu la bushi lilikerezwa milimita 16.4 kwa pini ya 16. Ukiikereza ibane vizuri ikiwa kavu, majini itaishika pini.

Kuchomelea kunapinda bamba kwa urahisi. Fundi alichomelea robo upande mmoja, akageuza, akaacha lipoe, akarudi. Baadaye bamba lilisimamishwa na kuvutiwa uzi. Kupinda kwa milimita 2 kunavumilika. Kwa 4 kunatosha kulikwamisha tena, maana nafasi yenyewe ni 3 kila upande.

Rangi ilikuwa praima ya epoksi yenye zinki, mikono miwili, na juu yake epoksi mikono miwili. Hali ya hewa ya Dodoma inasaidia na inasumbua. Kiangazi hewa ni kavu, chuma kilichosafishwa hakishiki kutu haraka. Lakini upepo ukianza, vumbi linakaa juu ya rangi mbichi, kwa hiyo paka asubuhi mapema, umalize kabla ya saa nne. Joto nalo linaiharakisha epoksi: kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza muda wa kuitumia kwa karibu nusu. Changanya kidogo kidogo. Usitumie puti kusawazisha mabonde ya kutu. Inaongeza unene na ikibanduka inakwama humo humo ndani.

Matundu ya kasha yalipanuliwa hadi milimita 28, yakasafishwa kwa msasa na kukaushwa, yakajazwa epoksi iliyokorezwa kwa nyuzi za faiba zilizokatwa, na baada ya kukauka siku tatu yakatobolewa upya kwa kutumia kibao cha kuongoza keekee, ili pande zote mbili ziwe mstari mmoja. Boliti ikaondolewa moja kwa moja. Sasa ni pini laini yenye vifuniko viwili vya stenlesi nje ya kasha, kila kimoja na raba yake, vikiwa vimefungwa kwa skrubu kwenye ukuta wenyewe. Ukikaza kifuniko unaibana raba, hulibani kasha.

Tela

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Bamba jipya kabisa kwenye tela lile lingeharibika vilevile.

Rola ya katikati ilitolewa. Mahali pake ziliwekwa rola mbili, moja mbele ya mlango wa kasha na nyingine nyuma yake, zote chini ya mkuku mzima, na ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito. Vihimili vya pembeni vina kazi ya kuizuia boti isilale, si kuibeba. Mbao mpya ni za mtiki, 50 kwa 100, zimesimamishwa, na vishikio vimeongezwa hadi umbali usizidi sentimita 70. Kila kishikio kina kiungo kinachozunguka ili ubao ufuate mteremko wa tumbo la boti, na viwili kati yake viko chini ya viwambaza. Kapeti ni la nyuzi za plastiki lisilo na mgongo wa raba, limefungwa kwa misumari ya stenlesi pembeni mwa ubao, kamwe si juu.

Chini ya bamba kimewekwa kibao chenye raba ya milimita 10, kinachorekebishwa kwa skrubu. Boti ikishakaa vizuri, bamba hulegezwa taratibu hadi liguse raba, kisha waya unavutwa kidogo usilegee. Kibao kibebe kilo 38 za bamba basi. Kupima ni rahisi: ukizungusha winchi robo mzunguko, bamba liinuke juu ya kibao. Lisipoinuka kwa urahisi, boti imelikalia bamba, na rola za mkuku zinahitaji kuinuliwa.

Vihimili vilipimwa kwa vipande vya gazeti vilivyowekwa kila sentimita 20 kati ya ubao na boti. Boti ikishushwa, kila kipande kivutwe: kinachotoka kwa kusuasua kiko sawa, kinachochanika kimebanwa mno, kinachotoka bure hakibebi chochote. Nyuma ya tela zikaongezwa nguzo mbili za kuongoza, zilizovishwa bomba la plastiki, boti isipande upande hata gurudumu moja likizama. Uzito unaoshuka kwenye ndoano ya gari ulipimwa kwa mizani ya magunia: kilo 75, kwa jumla ya karibu kilo 1,050. Kati ya asilimia 5 na 10 tela hutulia. Chini ya hapo huyumba, na mteremko wa Fufu si mahali pa kuyumbia.

Beringi zilifunguliwa na kupakwa grisi upya kwa kuwa magurudumu yalikuwa nje. Ukifika Mtera beringi ni za moto. Ukizizamisha hapo hapo, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kunyonya maji kupitia sili. Subiri hadi uweze kushika haba, kitovu cha gurudumu, kwa kiganja bila kuondoa mkono.

Majaribio

Njiani kuteremka, mikanda na nati zilikaguliwa Mpunguzi na Chipogolo. Mikanda ililegea kidogo mara ya kwanza, kama mikanda yoyote juu ya mbao mpya, nati hazikusogea. Vipande vya gazeti vilivyoachwa kwenye vihimili vilifika vizima. Majini, bamba lilishuka lote kwa uzito wake huku winchi ikiachiwa polepole, na baada ya saa mbili chini ya sakafu palikuwa pakavu. Kabla ya kuondoka ndoo sita za maji zilimwagwa ndani ya kasha kwa juu hadi maji yakatoka masafi kwa chini, tope likiwa bado bichi. Likishafika Dodoma limekuwa tofali.

Nyufa za ganda ziliachwa hadi mwisho kwa makusudi. Faiba iliyobonyezwa na kihimili hurudi yenyewe kwa kiasi ikiondolewa mzigo, na ukiipaka resini ikiwa bado imebonyea unaigandisha katika umbo hilo. Boti ilipokaa juu ya vihimili vipya wiki mbili, mbonyeo ulipungua hadi kutoonekana kwa jicho, ukabaki kuhisiwa kwa kiganja tu. Kisha ndani kuliongezwa tabaka tatu za faiba, eneo la sentimita 30 kwa 30, na nje kila ufa ulifunguliwa kwa ncha ya keekee hadi mwisho wake, ukajazwa na kusuguliwa. Waya wa winchi nao ulibadilishwa: karibu na kapi nyuzi nne zilikuwa zimekatika, mahali usipopaona mpaka uupitishe waya kwenye kitambaa cha pamba na nyuzi zikamate.